Mchanga Kwenye Picha za Dagaa

Nilipoharibu picha za binti wa kaka yangu niliomba radhi. Nilimwomba yeye, nikamwomba mama yake kwa simu, nikamwomba mke wangu, ambaye amekuwa akinisamehe kidogo kidogo mpaka leo. Nilipokataa baadaye kuzitengeneza kwa namna waliyotaka, sikumwomba radhi mtu yeyote, na sitamwomba. Ndugu wakikaa kuzungumza habari hii huyafunga mambo hayo mawili pamoja: mzee aliharibu kazi ya mtoto, kisha mtoto alipomfuata kwa msaada akamkatalia. Yote mawili yalitokea. Ila ndugu hawana subira ya kusikiliza yalitokeaje, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Duka langu liko Kirumba, kwenye njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo hata noti za wateja zinanuka dagaa. Kibao kinasema studio na steshenari. Studio ni pazia la bluu, kiti na taa mbili. Steshenari ni mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta ambayo tabia zake nazijua kuliko za watoto wangu. Shule niliishia kidato cha nne. Ufundi wa picha nilifundishwa mjini enzi za filamu na fundi mmoja mkali, aliyenikalisha dirishani na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, nisafishe negativu. Chunusi ziliondoka, makovu yaliondoka, jasho kwenye kola liliondoka, na mteja alipokuja alikuta sura yake imetulia kama siku ya kipaimara.

"Mteja hajalipia chunusi," fundi alikuwa akisema. "Chunusi anazo bure nyumbani."

Kompyuta ilipokuja ikanirahisishia. Kwenye programu za picha kuna kifaa ambacho alama yake ni muhuri. Unachukua kipande safi cha ngozi, unakigonga juu ya kipande kichafu, uchafu unapotea kana kwamba haukuwahi kuwepo. Nimeugonga muhuri huo kwenye nyuso za nusu ya Kirumba. Maharusi, wagombea udiwani, marehemu wanaohitaji picha ya kuweka juu ya jeneza.

Na nyumbani pia nimezungukwa na usafi wa aina hiyo hiyo. Mke wangu anauza dagaa Mwaloni. Dagaa wengi wanaofika kwake wameanikwa chini, juu ya mchanga wa ufukweni, na dagaa wa namna hiyo hubeba mchanga hata ufanyeje. Kwa hiyo hawawekwi mbele ya mteja kabla hawajapepetwa. Anakaa na ungo, anarusha, anapuliza, anachagua kwa vidole, na mimi nikitoka dukani nakaa pembeni yake nachagua. Mwanamke anayetandaza dagaa na mchanga wake mbele ya wanunuzi, wenzake pale Mwaloni watamwimbia mpaka ahame meza. Nayasema haya mapema ili ieleweke mkono wangu ulifundishwa na nani. Sisemi kwamba ndiyo yanayoniondolea kosa.

Binti wa kaka yangu alifiwa na baba yake akiwa bado shule ya msingi. Likizo nyingi alizimalizia kwetu, na mpaka leo ananiita baba mdogo kwa sauti ile ile aliyokuwa akiombea hela ya madaftari. Alisoma kuliko sisi wote. Alipoajiriwa kwenye kituo kimoja cha utafiti wa samaki hapa ziwani, nilimuuliza anatafiti nini, akasema dagaa.

"Dagaa gani?"

"Hawa hawa, baba mdogo. Wa chini na wa kichanja." Kichanja ni ile meza ya miti iliyotandikwa wavu, dagaa wanaanikwa juu bila kugusa ardhi. "Nataka kuonyesha mwili wa samaki unabaki na nini akianikwa mchangani, na anabaki na nini akianikwa juu."

"Umesoma miaka yote hiyo uje kuangalia mchanga wa mama yako mdogo?"

"Tena nitauhesabu," akasema, na mke wangu akamtupia kitambaa cha jikoni.

Alifanya kazi hiyo msimu mzima. Alivuka ziwa pale Kigongo kwenda Busisi na mitaa ya ufukweni huko ng'ambo, akarudi na vichupa, akaweka ngozi za dagaa chini ya hadubini na kuzipiga picha. Akaandika makala, akaituma kwenye jarida moja la kisayansi la nje. Makala ile ilikuwa na uzito kuliko makala ya kawaida. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimemkubalia kwenda kusoma shahada ya uzamivu, kwa sharti moja: makala ikubaliwe kwanza. Mama yake alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya masweta mnadani.

Wahariri walipoisoma waliipenda, wakaomba picha zipangwe upya. Walitaka picha nne kwenye ukurasa mmoja, mbili za dagaa wa mchangani na mbili za dagaa wa kichanjani, zenye herufi na mishale, katika faili la aina ya TIFF, nukta mia tatu kwa inchi. Akaja dukani na flashi.

"Baba mdogo, kazi hii ni ya kwako. Na hayo mafaili yatunze, maana ile kompyuta ya hadubini ni ya wote, ukimaliza unafuta."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Neno hilo nimelisema mara nyingi maishani na mara nyingi lilikuwa kweli.

Mafaili yalikuwa TIFF, mazito ajabu. Picha moja ya ngozi ya dagaa ilikula nafasi ya harusi nzima. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, nami nina desturi yangu: kila picha inayoingia dukani naigeuza JPG. Wateja wangu hawajui aina nyingine. JPG ni nyepesi, inapita kwenye simu, inapita kwenye printa, na ukiitazama kwa macho huoni tofauti. Nilizigeuza picha zake zote. Nilipoona zinafunguka vizuri nikayafuta yale mafaili manene kwenye kompyuta, na kwa ukarimu wangu nikayafuta na kwenye flashi, nimrudishie ikiwa na nafasi. Huo ndio ukarimu wangu.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha, wateja hawakuja, nami nilikuwa na muda wa kutosha wa kufanya ujinga kwa utulivu. Nilifungua picha za dagaa wa mchangani. Zilikuwa chafu. Punje za mchanga zilikuwa zimejibanza kati ya magamba, nyingine zimetapakaa pembeni mwa samaki, vidoa kila mahali. Yeye mwenyewe alikuwa amenichorea kwenye karatasi mishale ya kuweka, kila mshale ukielekea kwenye punje fulani. Nikafikiri: basi hizi zenye mishale ndizo anazozitaka. Hizi nyingine ni uchafu tu. Nikaziacha zenye mishale, nikachukua muhuri wangu, nikazifuta nyingine moja baada ya nyingine. Nilichukua magamba safi ya upande huu nikayagonga upande ule. Nilifanya kazi nzuri. Naona aibu kuisifu lakini ilikuwa nzuri, fundi wangu angenipa soda. Kisha nikahifadhi juu ya faili lile lile, kwa jina lile lile.

Nilipomaliza nikageuza ukurasa mzima kuwa TIFF kama walivyotaka. Faili likawa kubwa tena. Nikajiambia, si unaona, limerudi.

Alikuja mbio siku ya mwisho ya kutuma. Aliangalia kwenye skrini akiwa amesimama, mkoba begani.

"Baba mdogo! Zimependeza hivi?"

"Kazi ya mikono."

"Mpaka nyuma pametulia." Alihakiki mishale yake, yote ilikuwa inaelekea kwenye punje za mchanga. Akatuma akiwa pale pale kaunta, akaninunulia chai ya maziwa na andazi.

Wahariri walijibu baada ya wiki kadhaa. Alikuja dukani akaninyooshea simu bila kunisalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu utoto. Hawakumtukana. Waliandika kwa upole kwamba kwenye picha ya kwanza na ya pili kuna kipande cha magamba kinachojirudia sehemu mbalimbali, mstari kwa mstari, na samaki hazaliwi na magamba ya namna hiyo. Tena hesabu ya mchanga iliyoandikwa kwenye makala haikulingana na mchanga unaoonekana. Waliomba picha za asili, kama zilivyotoka kwenye kamera, zikiwa hazijaguswa.

"Baba mdogo, ulifanya nini?"

"Nilisafisha."

"Ulisafisha nini?"

"Mchanga. Ule usio na mishale."

Alikaa kwenye kile kiti cha studio, mbele ya pazia la bluu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. "Mchanga ndio utafiti wenyewe," akasema taratibu. "Mishale ilikuwa mifano tu. Wanafikiri nimeghushi." Kisha akanyanyua kichwa. "Haya, si neno. Nipe zile za mwanzo niwatumie, tumalize."

Nikamwambia hazipo. Nilimweleza hatua kwa hatua, kwa sababu alitaka hatua kwa hatua, na kila hatua niliyoitaja ilionekana ya kijinga kuliko nilipoifanya. Wakati huo nilikuwa bado namwonyesha ile TIFF mpya kama mtu anayeonyesha risiti. Ndipo yeye, huku anafuta macho na kiganja, akanifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kufungua duka. JPG inapohifadhiwa inatupa vitu. Inatupa vile ambavyo inadhani jicho halitavikosa, na kila ukibadilisha ukahifadhi tena inatupa tena. Ukiigeuza kuwa TIFF unapata mfuko mkubwa wenye vitu vile vile vichache. Kilichotupwa hakirudi. Nilikuwa nimefanya biashara ya picha umri wote huo bila kujua kwamba nilikuwa natupa.

"Mchanga haupotei hivi hivi duniani," nilijaribu kusema. "Ngozi zenyewe si zipo kwenye vichupa?"

"Zilikuwepo. Tuliziyeyusha kupima chumvi."

Kwa hiyo ndivyo tulivyokuwa. Makala ikikataliwa kwa tuhuma ya kughushi, chuo kingefunga mlango, na jina lake lingebaki na doa ambalo muhuri wangu usingeliondoa.

Msimamizi wake wa utafiti alikuja naye kesho yake. Ni mtu wa watu, mcheshi, ana umri wa mtoto wangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akavuta kigoda akakaa karibu yangu kama tunacheza bao.

"Mzee wangu, lisilo na dawa halipo. Tunanunua dagaa wa mchangani hapo Mwaloni leo hii. Tunawapiga picha kwa hadubini ile ile. Wewe kazi yako ni kupanga zifanane na zile za zamani: ukubwa ule ule, mwanga ule ule, mishale ile ile. Tarehe ndani ya faili unaiweka ya msimu ule. Tunahifadhi TIFF. Nani atajua?"

"Wale hawataki picha za dagaa," nikasema. "Wanataka picha za dagaa wale."

"Dagaa ni dagaa, mzee. Mchanga ni mchanga. Matokeo ni ya kweli, au siyo? Binti amehesabu kweli. Tunachorudisha ni ushahidi tu uliopotea."

"Ulioharibiwa."

"Haya, ulioharibiwa. Na wewe."

"Na mimi."

"Basi saidia kutengeneza."

Nilimtazama binti wa kaka yangu. Alikuwa anachezea kamba ya mkoba. Nilitegemea aseme hapana, ili mimi nibaki mzee wa kukubaliana na hapana yake. Hakusema.

"Sitafanya," nikasema.

Msimamizi alicheka, akidhani ni mwanzo wa bei. "Mzee, wewe umeng'arisha sura za watu miaka yote hiyo. Umewapunguzia watu vitambi. Leo kwa dagaa ndio unakuwa padri?"

Aliongea kweli na iliniuma. Nilimjibu hivi, na sijabadilisha hata neno nikikumbuka: "Mwenye sura anakuja mwenyewe, anajua ana chunusi, na anayempelekea picha anajua ana chunusi. Hapa kuna mtu mbali huko ameuliza swali moja tu: ilikuwaje? Nilimdanganya kwa kutojua. Mara ya pili nitakuwa najua."

"Kwa hiyo bora mtoto aangamie?"

"Bora aseme ukweli, na aseme aliyeharibu ni mimi."

"Hawatajali ni nani. Jina lililo juu ya makala ni la kwake."

"Basi waandikie na la kwangu, chini."

Alisimama, akapangusa suruali, akamwambia binti kwamba atamsubiri nje. Tulipobaki wawili nilitegemea afadhali. Badala yake alisogea mpaka kaunta, akashika mkono wangu kama alivyokuwa akiushika tukivuka barabara.

"Baba mdogo, fanya tu. Mara hii moja. Sitakuomba kitu kingine."

"Hapana, mwanangu."

"Ulifanya bila kuombwa. Sasa naomba, unakataa?"

Nilisema hapana tena.

"Baba angekuwa hai angefanya," akasema.

Inawezekana. Kaka yangu alikuwa mwepesi kuliko mimi, na alimpenda mtoto huyu kuliko alivyopenda kuwa sahihi. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sijui kama angefanya. Najua kwamba mimi sikufanya, na kwamba aliondoka bila kuaga, na kwamba nilibaki nimeshika mausi kama mtu aliyesahau alitaka kubofya nini.

Mke wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Mwaloni hakuna redio inayoishinda.

"Ati umepepeta picha za mtoto?" akaniuliza mlangoni.

"Nimepepeta."

"Halafu ukakataa kuzirudishia mchanga?"

"Mchanga wenyewe ungekuwa wa kuokota."

Alinitazama, ungo mkononi. "Wewe mzee una akili mbili," akasema, "na zote zinachelewa." Akaniwekea ugali, ila kwenye sato akanipa upande wa mkia.

Siku zikapita. Niliandika maelezo yangu kwenye kompyuta, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikaeleza nilichofanya bila kujitetea: kwamba nilibadilisha aina ya mafaili nikafuta ya asili, kwamba nilifuta punje kwa kifaa cha muhuri, kwamba mwenye makala hakujua. Nikaweka sahihi, nikaipiga picha, nikamtumia kwenye simu. Nikamwambia: itumie au usiitumie, lakini hiki ndicho nilichonacho. Alama kwenye simu ilionyesha ameisoma. Hakujibu.

Alijibu Jumapili, kwa kuja. Alikaa sebuleni kwetu na gauni la kanisani, akamsalimia mama yake mdogo kwa kirefu na mimi kwa kifupi. Alikuwa ameitafsiri ile karatasi, akaandika na ya kwake, akawatumia wahariri zote mbili. Msimamizi alikuwa amenuna, kisha akaweka na yeye jina lake chini, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kupita.

"Nilikaa na kamera nikawapiga dagaa wa Mwaloni," akasema akiangalia zulia. "Nilifika mpaka hapo. Nikaanza kuhesabu mchanga wao, ukawa hesabu nyingine. Nikaona itabidi nibadilishe na hesabu. Halafu na grafu. Nikachoka."

Mke wangu alinikanyaga mguu ili nisiseme kitu.

Wahariri waliiondoa makala. Waliandika kwamba wameyapokea maelezo, kwamba hawataandika tuhuma yoyote, na kwamba akipiga picha upya kwa samaki wapya, akahesabu upya na kutunza mafaili ya asili, anaruhusiwa kuileta tena kama makala mpya. Chuo hakikungoja. Nafasi ile alipewa mwingine, na mama yake aliacha kuulizia masweta. Hilo ni langu. Nikipita mahali wanapouza nguo za baridi hugeuza uso, na sitegemei itakoma.

Lakini msimu uliofuata nilifunga duka, nikaenda naye. Tulingoja giza la mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa hawashikiki, kisha tukavuka Kigongo. Asubuhi wanawake walikuwa wanamwaga dagaa mchangani, waking'aa kama fedha mpaka macho yanauma. Mmoja akaniuliza, "Mzee, shikamoo, wewe ni mnunuzi?"

"Marahaba. Mimi ni mchafuzi wa picha, nimekuja kujirekebisha."

"Na huyo binti anachukua samaki kidogo hivyo wa nini?"

"Anahesabu mchanga."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mwambie akimaliza wa hapa ahesabu na wa Musoma!"

Kazi yangu ilikuwa kubeba vichupa na kutunza mafaili. Picha zilipotoka kwenye hadubini nilizinakili zikiwa TIFF, hivyo hivyo zilivyo, sehemu tatu: kompyuta yangu, diski ninayoilaza kabatini nyumbani, na nyingine aliyoiweka kwake. Nilinunua diski hizo mwenyewe. Mafaili ya asili niliyafunga yasiweze kuandikwa juu yake, maana siuamini mkono wangu na sioni aibu kusema hivyo. Kila kazi ilifanyika kwenye nakala yenye jina jipya. Grafu zake, zile za mistari na maandishi, tulizihifadhi kama michoro na si kama picha, ili ukizivuta zisivunjike kingo. Na mteja wa harusi akiniambia siku hizi kwamba kompyuta yangu imekuwa polepole, namwambia imebeba samaki.

Siku ya kupanga ule ukurasa wa picha nne mke wangu alipita dukani akitoka sokoni, akasimama nyuma yetu na beseni. Picha ya kwanza ilikuwa na kiza kidogo.

"Ongeza mwanga, baba mdogo," binti akasema.

"Wapi?"

"Yote. Sawasawa. Na za kichanja kiasi hicho hicho."

Nikaongeza yote, zote nne, kwa kipimo kimoja. Magamba yakang'aa na mchanga ukang'aa nayo. Ulikuwa mwingi kuliko nilivyoukumbuka.

"Mayu!" mke wangu akashangaa kwa Kisukuma. "Ndiyo mnautangaza mchanga wangu dunia nzima?"

"Si wa kwako peke yako, mama mdogo."

"Wanunuzi wakiona hivi nitamuuzia nani?"

"Wakiona na hawa wa kichanja watataka wa kichanja. Bei yake ni nzuri."

"Na hivyo vichanja utanijengea wewe?"

Swali lilikuwa la haki, na makala haikuwa na jibu lake. Mke wangu akainama karibu na skrini, akaweka kidole juu ya punje moja.

"Toa hata hii basi. Hii kubwa. Inaonekana kama jiwe, watadhani tunaanika kwenye machimbo."

"Sitoi," nikasema.

"Moja tu, baba watoto."

"Sitoi hata moja."

"Enhee. Zamani ulitoa zote bila kuombwa." Akajitwisha beseni na kwenda zake, akitusema njia nzima kwa mtu yeyote aliyekutana naye.

Tulituma. Wahariri walipojibu, jambo la kwanza waliloomba, kwa kuwa hawakuwa wamesahau, ni picha za asili. Tulikuwa tumeagiza chai. Alizituma akiwa kaunta, zote, hata zile zilizotoka na ukungu, na chai ilipofika ilikuwa bado ya moto.

Makala ilikubaliwa. Nafasi ya kusoma hajapata nyingine, anaendelea kuomba, na akiniuliza kama najuta namwambia ndiyo, kwa lile la kwanza. Kwa la pili haniulizi tena. Ile picha ya dagaa mwenye mchanga nimeichapa kubwa nikaitundika dirishani, kati ya bibi harusi na diwani. Wapita njia wanasema mzee amezeeka, ameacha picha chafu mbele ya duka. Juzi mmoja alijitolea kunisaidia kuisafisha kwa simu yake, bure. Nilimwambia apite, aendelee na safari yake.